Shavu la Kushoto

Bweni la Pili, Mugumu
Jumapili, 18 Februari 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo baba. Mimi mzima, nasoma, nakula, na kidato cha nne kimeanza na fujo zake. Wewe je, na hilo duara lako la kuchimbia dhahabu huko Nyangoto?

Naandika barua kwa sababu simu ya matroni ni ya dharura tu, na nilipomweleza shida yangu alisema chunusi si dharura. Ndiyo, baba, chunusi. Zimenijaa uso mzima tangu likizo ya Desemba, nyingine zina usaha, nyingine ngumu kama punje. Bwenini wananiita Kokoto. Najua swali hili angeulizwa mama, lakini mama hayupo, na mama mkubwa hapa mjini nikimuuliza ananiambia nifunge na kuomba. Nimefunga siku mbili, nimepata njaa tu. Kwa hiyo nakuuliza wewe. Huko mnatumia dawa gani? Iwe kitu cha nyumbani, maana ya dukani siwezi.

Jambo lingine. Mahafali yetu ni Jumamosi, tarehe 12 Oktoba. Kila mhitimu anapewa viti viwili vya wazazi. Kimoja ni cha mama mkubwa, kingine ni chako. Baba, mara ya mwisho nimekuona ni Julai ya kidato cha kwanza. Ni miaka miwili na miezi saba. Ulisema utarudi siku duara litakapotema dhahabu. Lakini Mama Regina, huyu muuza mitumba atakayekuletea barua hii, anasema gari la alfajiri kutoka Nyamongo, hapo jirani na kwako, linafika hapa kabla ya uji wa saa moja. Kumbe si mbali.

Nimekukumbuka sana.

Mwanao,
Leonida Simioni

*

Nyangoto
27 Februari 2024

Kwa mwanangu Leonida,

Marahaba, mama. Barua yako nimeipokea mikononi mwa Mama Regina nikiwa na vumbi hadi kwenye kope, nikaenda kunawa kwanza ndipo nikaifungua.

Sasa mwanangu, mimi najua mawe. Ukiniletea jiwe nitakuambia lina nini ndani. Uso wa binti sijui nianzie wapi. Nikaenda kumuuliza Felistas Adero, mama anayetupikia wachimbaji hapa juu, mjane wa Kijaluo mwenye mabinti watano wote wameolewa. Alinitazama akacheka mpaka ugali ukashika chini. Halafu akasema dawa ya meno. Unapaka juu ya chunusi, unalala nayo, asubuhi imekauka.

Nikajiuliza, nimtumie mtoto kitu ambacho sijakijua? Hata baruti mpya tunaijaribu kwanza kwa kipande kidogo. Na mimi mwenyewe, kwa jasho la shimoni, chunusi ninazo za kutosha. Basi nikapaka shavu la kushoto, la kulia nikaliacha vile vile ili nione tofauti. Ilichoma, nikavumilia, nikasema ndiyo inafanya kazi. Asubuhi ngozi imebanduka mahali patatu. Omolo, kijana wa Migori ninayechimba naye, aliniuliza kama nimepigana na jogoo.

Kwa hiyo dawa ya meno ipigie mswaki tu. Nitajaribu nyingine na nitakuandikia.

Kuhusu Oktoba, tuombe Mungu. Mwamba umeanza kubadilika rangi, na Mzee Nyangwine mwenye duara anasema tuko karibu. Mimi nilimwambia mama yako kabla hajafa kwamba siku nikikurudia nitakuja na kitu mkononi. Sitaki kuja kukutia aibu.

Baba yako,
Simioni Luhaga

*

Bweni la Pili, Mugumu
Jumapili, 17 Machi 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Barua yako imechelewa siku tatu! Dawa ya meno nilikwisha kuipaka mwenyewe, wasichana wa kidato cha tatu walinishauri. Nimebanduka kama wewe, tena shavu lile lile la kushoto. Niliposoma habari zako nililia kwa kucheka, halafu nikalia tu. Nilikuwa nimelala na dawa ya meno usoni, na wewe huko umelala nayo, na hatujuani.

Wenzangu sasa wanaijua barua yako kwa moyo. Wanataka kusikia dawa inayofuata.

Hilo la kuja na kitu mkononi, baba, mimi sijaomba kitu. Nimesema kiti.

Mwanao,
Leonida

*

Nyangoto
2 Aprili 2024

Kwa mwanangu Leonida,

Marahaba. Mvua zimeanza, maji yanajaa duarani, tunayavuta na mashine nusu siku kabla ya kushika moko na tindo tupasue mwamba.

Dawa ya pili ilikuwa ndimu. Nimeikata, nimesugua shavu la kushoto, nikatoka kwenda kupanga mawe juani. Usifanye hivyo! Kumbe ndimu na jua havipatani. Nimepata doa jeusi, pana kama kifuniko cha soda, chini kidogo ya jicho. Felistas anasema litakaa miezi. Nilipomuuliza mbona hakunionya, akasema hakujua kama nitatoka na shavu hilo nje kama sahani ya kuanikwa.

Halafu akaacha mzaha, akanikalisha. Akasema mabinti zake wote walipona kwa mambo madogo sana. Nawa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya mche kidogo, mara mbili kwa siku, usisugue. Usitumbue kwa kucha. Foronya ifue kila Jumamosi. Mafuta ya nywele yasishuke kwenye paji. Na kipande cha alovera, ukipasue, upake ule ute wake kidogo tu, pakiwasha, acha. Anayo imeota kwenye kopo la rangi nje ya jiko. Nimejaribu siku sita, haikunichoma. Hicho hapo kipande nimekufungia kwenye gazeti, kimepita mtihani.

Sasa ninanawa uso mara mbili kila siku. Omolo anasema, "Buda, hii uso yako sasa ni ya kuuza sabuni." Namwacha aseme.

Baba yako,
Simioni Luhaga

*

Bweni la Pili, Mugumu
Jumapili, 12 Mei 2024

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Alovera ilifika mbichi kabisa. Nafua foronya kila Jumamosi, na matroni ananitaja kama mfano mbele ya bweni zima.

Za shavuni zimepungua, nashukuru sana. Ila naona zimehamia kidevuni. Usiache kuuliza, baba. Labda kuna kitu kingine huko jikoni kwa Mama Felistas. Muulize habari za asali, muulize manjano. Ukikijaribu uniandikie kila kitu, hata waliyosema wenzako.

Nikuambie jambo usikasirike. Jana niliketi kitandani nijaribu kuukumbuka uso wako, sikuupata wote. Nilipata macho, na ule mwanya wa meno. Sikukumbuka kama una ndevu. Kwenye picha ya ubatizo wangu umegeuka unamtazama mama. Tangu hapo nimekuwa na woga kwamba utakuja siku moja nami nitakupita getini kama mtu baki.

Andika upesi.

Mwanao,
Leonida

*

Nyangoto
6 Juni 2024

Kwa mwanangu Leonida,

Marahaba. Ndevu sina, nilizinyoa kwa ajili ya kupaka dawa zako. Doa la ndimu bado lipo shavu la kushoto. Hutanipita. Watu wenye doa kama hili hatuko wengi.

Kidevu hicho ni kikaidi lakini tutakiweza. Asali nimeipaka robo saa. Haina ubaya, ngozi inalainika, ila nzi wa Nyangoto wote walipata habari. Ute wa yai nao unakauka mpaka uso unakuwa mgumu, nilishindwa kucheka wala kumjibu mtu, Felistas akasema hajawahi kupumzika namna ile. Manjano na maziwa ya mgando, hiyo ndiyo imeniponza. Njano haitoki! Nimeshuka duarani na uso wa njano siku tatu, na ndani ya shimo kukiwa na joto, harufu ya mchuzi inajaa kote.

Mzee Nyangwine hajafurahi. Yeye anaamini dhahabu inakimbia harufu. Ndiyo maana mwamba ukianza kubadilika rangi watu wake hawaogi hata wiki, wala sabuni haishuki chini. Aliniita pembeni akaniambia, "Mura," ndivyo wanavyomwita kijana huku, "unanukia kama harusi. Hapa hatuchimbi na harusi." Nikamjibu kwamba dhahabu haina pua. Wenzangu hawakucheka. Omolo tu ndiye aliyecheka, naye akainama.

Usijali. Ni maneno ya wachimbaji. Wewe soma, na kidevu chako nitakitafutia kingine.

Baba yako,
Simioni Luhaga

*

Bweni la Pili, Mugumu
Jumapili, 7 Julai 2024

Baba yangu,

Shikamoo. Nimecheka habari ya yai mpaka matroni akaja na fimbo. Asante kwa kuniambia kuhusu ndevu. Nimeuchora uso wako nyuma ya daftari la Jiografia, na doa nimeliweka mahali pake.

Kidevu kimetulia. Sasa zimepanda kwenye paji. Sijui nina damu gani. Jaribu nyingine, baba, tafadhali.

Leo wametugawia kadi za wazazi. Nimeweka yako humu ndani. Nimeandika jina lako mwenyewe kwa kalamu nyekundu, nimeomba mstari wa mbele, kiti cha pembeni, ili nikipita na joho unione karibu. Mwalimu aliuliza kama baba yangu yupo, nikasema yupo, tena anakuja.

Nisije nikawa nimemdanganya mwalimu, baba.

Mwanao,
Leonida

*

Nyangoto, jikoni kwa Felistas
4 Agosti 2024

Kwa mwanangu Leonida,

Marahaba.

Kwa ajili ya paji, Felistas anasema maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Unayaacha yatulie, unanawa nayo. Nimejaribu. Hayana harufu yoyote.

Siku hizi niko juu, napumzika shimoni kidogo. Nampasulia Felistas kuni na kumchotea maji. Ni kazi nzuri, ina kivuli.

Kadi nimeipata. Umeandika vizuri sana. Nimeiweka kwenye mfuko wa shati jeupe. Lakini mama, mwaka huu naona ni vigumu. Kiti changu mpe mtu mwingine asije akakosa pa kukaa. Mama mkubwa wako anatosha. Mimi nitakuja baadaye, mambo yakikaa sawa.

Uso wako ukipona niambie.

Baba yako,
S. Luhaga

*

Bweni la Pili, Mugumu
Jumapili, 1 Septemba 2024

Baba,

Shikamoo.

Mama Regina ameniambia. Nilimbana juzi gulioni, tulikokuwa tumetumwa na mwalimu kununua vitambaa vya kupambia ukumbi, akajaribu kuniuzia sweta ili aniepuke, mwisho akasema. Kwamba mwezi wa saba Mzee Nyangwine alikutoa duarani kwa sababu ya harufu ya manjano na mayai. Kwamba ulikuwa umechimba pale miaka mitatu. Kwamba siku kumi na mbili baada ya kutolewa wewe duara lilitema, na sasa wote wanaamini ni wewe uliyekuwa unaizuia, na hakuna duara jingine pale mlimani linalotaka kukupokea. Omolo amenunua pikipiki. Wewe unapasua kuni.

Baba, sasa nisikilize, na ukimaliza unichape ukitaka.

Chunusi ziliisha mwezi wa tano. Ziliisha zote. Ile alovera, na foronya, na kuacha kutumbua, vilitosha kabisa. Kidevuni hazikuhamia. Kwenye paji hazikupanda. Ninapokuandikia sasa uso wangu ni safi, hata lile jina la Kokoto wamelisahau.

Nilikudanganya kwa sababu miaka miwili na nusu hukuniandikia. Ulituma ada, ukatuma salamu kwa watu, barua hapana. Nilipokuandikia chunusi ukaandika. Nikaona baba yangu ni mcheshi, nikaona anafikiri, anaumia, ananawa uso, nami nilikuwa sijui. Zilipoanza kupona nilikaa mbele ya kioo nikaogopa. Nikasema nikimwambia nimepona, atajibu vizuri, halafu atanyamaza tena mpaka duara liteme. Ndiyo nikatunga kidevu. Nikatunga paji. Sikujua kwamba kila nilipotunga, wewe ulipaka.

Mimi ndiye niliyekutoa duarani. Si mayai. Nimeikosesha familia yetu kile ulichokitafuta tangu mama akiwa hai. Sijui nikuombe msamaha kwa maneno gani, kwa hiyo nakuomba kwa haya tu. Nisamehe, baba.

Kiti chako sijampa mtu.

Leonida

*

Nyangoto
15 Septemba 2024

Kwa mwanangu Leonida,

Marahaba, mama. Marahaba sana.

Barua yako niliisoma nimekaa juu ya gogo, nikaisoma mara ya pili nimesimama. Sitakudanganya kwamba sikukasirika. Nilikasirika. Nilitupa shoka, nikatembea hadi pale mawe yanaposagwa kwenye karasha nikawatazama watu wa duara langu wakisaga. Ule mwamba niliuanza mimi. Nilisema moyoni, mtoto huyu hajui amefanya nini.

Halafu nikakumbuka kitu, nami nikuambie ili tuwe sawa. Ile asali hukuniambia nijaribu mara nne, nilijaribu mara nne mwenyewe ili barua iwe ndefu. Yai Felistas alishasema halina maana, nikalipaka kwa kuwa sikuwa na habari nyingine ya kukupa. Miaka yote hiyo sikuandika kwa sababu nilikuwa naona barua isiyo na habari ya dhahabu ni karatasi tupu. Ulipouliza chunusi nikapata cha kusema. Kila dawa ilipokwisha nilihangaika, nikazunguka jikoni nafungua makopo ya Felistas kama mwizi, akanifukuza na mwiko. Kama ungeniambia mwezi wa tano kwamba umepona, sijui ningekuandikia nini mwezi wa sita.

Mzee Nyangwine alinionya mara tatu. Ningeweza kuacha kunawa. Mara ya tatu aliniambia nichague, sabuni au duara, na nilikuwa na yai usoni tena, siwezi hata kufungua mdomo. Nikatikisa kichwa, kwamba sabuni siiachi. Kosa hilo si lako, nilikuwa na akili zangu.

Sasa kuhusu tarehe 12. Mara mbili nimetoka na shati jeupe nikafika barabarani, nikarudi. Najua mahafali yalivyo, niliwahi kupita nje ya shule moja pale Bomani siku kama hiyo. Wazazi wanakuja na mashada ya maua ya kuvisha, na maboksi, na keki. Mimi nitakuja na nini? Nina shati, na doa la ndimu. Nilimwahidi marehemu mama yako, na yeye hawezi tena kuniambia kama amenisamehe ile ahadi.

Kwa hiyo safari hii siahidi. Nimeshakuahidi mara nyingi, ahadi zimekuwa nyingi mno. Ila nimefurahi kwamba uso wako umepona. Hilo nimefurahi kweli, mama. Felistas naye amepiga vigelegele peke yake jikoni.

Baba yako,
Simioni

*

Nyuma ya ratiba ya mahafali
Jumamosi, 12 Oktoba 2024, saa tatu na robo asubuhi

Baba,

Shikamoo. Nampa mlinzi karatasi hii akuletee kwa sababu tumeshapangwa mstari na majoho yetu, na matroni kasema atakayetoka atabaki nje mpaka mwisho.

Mlinzi amekuja kumuuliza mwalimu kama kuna mhitimu ambaye baba yake anaitwa Luhaga. Anasema kuna mzee amekaa nje ya geti tangu saa moja. Amevaa shati jeupe. Ana kadi lakini haitoi, anasema anapumzika tu. Kila wazazi wakipita na maua yao anaondoka anakwenda kwenye bomba la maji pale nje, ananawa uso, anarudi kukaa. Amenawa mara tano. Mlinzi alifikiri ni mgonjwa. Nikamuuliza, shavu la kushoto lina nini? Akasema lina doa.

Mama alikwishakusamehe zamani. Mimi ndiye niliyekuwa naye siku ya mwisho, na neno alilosema ni kwamba nikutazame.

Kiti ni mstari wa mbele, pembeni, upande wa dirisha. Mama mkubwa ameweka pochi yake juu yake, mwambie aitoe. Ngoma zinaanza sasa hivi na mimi ni wa nne kuingia.

Umenawa vya kutosha, baba. Ingia.

Leonida